Barua ya wazi kwa uongozi wa kampuni yetu: mabango ni mapya, fomu ni ileile

Lubumbashi, Haut-Katanga

Kwa Bwana Mkurugenzi Mkuu,
kwa Wajumbe wa Kamati ya Uongozi,
kwa Mkuu wa Idara ya Wafanyakazi

Nakala: Inspection du Travail (wakaguzi wa kazi wa serikali), delegasyo ya sendika (wawakilishi wa chama cha wafanyakazi), wafanyakazi wote wa mgodini, wa kiwandani na wa biro za mjini

Kuhusu: mpango wa kampuni wa utofauti, usawa na ushirikishwaji

Bwana Mkurugenzi Mkuu,

Pokea salamu zetu za heshima. Mambo haya tulitaka yaishie ndani ya nyumba. Tumeandika mara tatu, nakala zetu zina muhuri wa sekretarieti, na jibu lililotufikia ni la mdomo: "Tumesoma, tunashughulikia." Ndiyo maana leo tunaandika hadharani. Jina la kampuni tumeliacha nje kwa makusudi. Hatutafuti kumwaibisha mtu, na kati ya hapa na Kolwezi zipo kampuni nyingine zitakazojiona humu bila kutajwa.

Sisi tunaosaini ni madelege wa wafanyakazi, maajenti wa usalama, makarani wa idara ya wafanyakazi na watu wa stoo. Fomu tunazozilalamikia tunazishika sisi kila siku, na botine, viatu vya usalama tunavyovisema, tunazigawa sisi dirishani.

Tangu mpango utangazwe tumeona mabango kwenye kantini, fulana, na mafunzo ya alasiri moja kwa mashefu. Kwa vile mabango yameandikwa kwa Kiingereza peke yake, wengi wanatuuliza maana yake, na sisi hujibu hivi. Utofauti ni suala la nani yumo kazini: wanawake na wanaume, watu wa kila jimbo, wenye ulemavu, vijana na wazee. Usawa si kumpa kila mtu kitu kilekile. Stoo ikigawa botine namba 43 kwa wote imegawa sawasawa kabisa, na watu kadhaa watapanda ngazi wakiwa wamejaza karatasi kwenye ncha za viatu. Ushirikishwaji ni kama huyo aliyeingia anafundishwa, anasikilizwa na anapanda cheo. Mtu anaweza kuhesabiwa kwenye neno la kwanza, akanyimwa mengine mawili mpaka siku ya kustaafu.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Fomu ya kuomba kazi

Ukurasa wa kwanza, kabla ya diploma na kabla ya uzoefu, unauliza jimbo la asili, teritware (wilaya), sekta (tarafa) na kijiji. Hauulizi mtu anaishi wapi. Unauliza baba yake alitoka wapi. Kijana aliyezaliwa Kamalondo na kusomea Katuba anajikuta anaandika jina la jimbo ambalo hajalikanyaga. Katika mji huu swali hilo si la kikarani tu. Mwaka 1992 na 1993, hapa Katanga, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kazini na majumbani kwa sababu ya jibu lake, na waliolala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni bado wapo, wengine wana watoto wanaoomba kazi kwenu leo.

Tunajua mtakachosema: Sheria ya Migodi, hasa baada ya kurekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inaidai kampuni iwafikirie wenyeji. Ni kweli, na sisi tunaitaka itekelezwe. Lakini jamii inayoguswa na mgodi ni wale wanaoishi karibu nao, wanaokunywa maji yake na kulala katika vumbi lake. Hilo huthibitishwa kwa cheti cha makazi kutoka kwa chifu au komini. Jina la ukoo halithibitishi lolote. Mambo hayo mawili yamechanganywa kwenye fomu moja, na aliye na nia mbaya anapata pa kujificha. Katiba ya 2006, kifungu cha 13, imekataza ubaguzi wa asili ya familia na wa kabila.

Dawa yake haina gharama. Fomu ikatwe vipande viwili. Kipande A kiwe na kazi inayoombwa, diploma, uzoefu, leseni na namba ya simu. Kipande B, chenye majina ya wazazi, asili, hali ya ndoa na watoto, kijazwe siku ya kusaini kontra (mkataba wa kazi), kwa ajili ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na faili la familia. Wanaochuja waone A peke yake, ikiwa na namba badala ya jina. Jina nalo lina uzito wake. Mwaka 2004 watafiti Bertrand na Mullainathan walichapisha matokeo ya kutuma karibu CV 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zikiwa sawa, majina tu yakitofautiana. Yenye sauti ya kizungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya yale ya Wamarekani weusi. Hapa kwetu jina linasema mengi zaidi ya hayo, maana msomaji hukisia hadi teritware.

Njia hii huharibika mahali patatu, na tunapajua. Karani aliyefuta majina anakaa tena kwenye kamati ya uchaguzi. Picha inabaki ukurasa wa pili. Na mbaya kuliko yote, kikadi cha biashara cha mkubwa fulani kinabanwa juu ya faili kwa pini. Hicho tunachokiita rekomandasyo kiandikwe kwenye daftari: kimeletwa na nani, siku gani, kwa ajili ya nani. Nyingi zitakwisha siku daftari litakapofunguliwa. Kwenye mahojiano, maswali yawe yaleyale kwa wote, na kila mwanakamati aandike alama zake kabla mkubwa wa meza hajafungua mdomo.

2. Kiingereza kwa kila kazi

Tangazo la dereva wa forklifti, lililobandikwa kwenye kioo cha walinzi, lilidai Kiingereza fasaha. Dereva huyo anapokea amri kwa Kiswahili na kusaini karatasi ya Kifaransa. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua jambo la namna hii mwaka 1971, katika kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power: mwajiri akiweka sharti la diploma au mtihani linalowafungia watu wa kundi fulani, ni juu yake kuonyesha kwamba sharti hilo lina uhusiano na kazi yenyewe. Hatusemi uamuzi wa kule unafunga huku. Tunasema hoja ni nyofu. Mjiolojia anayetuma ripoti ng'ambo anahitaji Kiingereza, na dereva wa forklifti anahitaji leseni, macho na breki.

3. Usalama unaofundishwa kwa lugha isiyosikika

Hapa watu wanaweza kufa, basi mtuvumilie tukirefusha. Mafunzo ya kuingia hutolewa kwa Kifaransa, picha zikipita ukutani, kisha mtihani wa kuchagua a, b au c. Majibu yanajulikana mpaka nje ya geti. Karibu kila mtu anafaulu, na kampuni inahesabu kwamba karibu kila mtu ameelewa.

Chukueni kazi ya kufunga mashine kabla ya kuitengeneza. Hatua ni hizi: kujulisha wanaoitumia, kuizima, kuikata na chanzo cha nguvu, kutia kufuli ya kila mtu na kibao chenye jina lake, kutoa nguvu iliyobaki ndani, halafu kujaribu kuiwasha ili kuhakikisha imekufa. Mtu asiyefuata Kifaransa hukumbuka kufuli, kwa sababu ameiona na ni nyekundu. Hatua mbili za mwisho hazina picha nzuri, na ndizo zinazompotea: presha iliyobaki kwenye mpira wa hidroliki, uzito wa mkanda uliopanda mlima, na kule kujaribu kuwasha. Anasaini permi (kibali) ya kazi kwa moyo safi, kisha anaweka mkono.

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, kimeandikwa kwenye kifungu cha 1 cha Katiba. Lakini kutafsiri tu hakutoshi. Bango lililoletwa mwaka jana linasema "kofia ngumu" na "mkondo wa umeme". Hapa mtu anasema kaske, anasema courant. Tafsiri ifanywe na fundi wa hapa pamoja na ajenti wa usalama, na mtu wa tatu asiyeliona andiko la kwanza alirudishe kwa Kifaransa ili tuone limepoteza nini. Mtihani uwe wa mikono: mfanyakazi afunge mashine mbele ya msimamizi huku akieleza kila hatua kwa lugha yake. Dakika kumi na tano kwa mtu mmoja. Wachina wa karakana nao wafanyiwe hivyo hivyo kwa Kichina, maana ushirikishwaji hauchagui pasipoti.

4. Wamama wa kazi

Kwenye ripoti yenu idadi yao imepanda. Tunapongeza. Sasa tuangalie stoo.

Botine huanza namba 40. Konbinezon (ovaroli) ni ya kipande kimoja: mama akienda chooni lazima aivue yote ya juu, na choo kiko mbali, ufunguo uko kwa shefu wa ekipe. Basi wengine hawanywi maji tangu asubuhi, hata mwezi wa Oktoba wakati jua la hapa linapopasua kichwa. Suti ya vipande viwili, koti na suruali, inamaliza jambo. Mikanda ya kupandia juu inanunuliwa saizi moja, ikilegea mapajani haimshiki mtu anapoanguka. Barakoa ya vumbi ya saizi ya kati peke yake haikai kwenye uso mdogo, na vumbi la kobalti linaharibu mapafu na kuleta pumu. Kipimo kipo na ni rahisi: mtu anavaa barakoa, anatiwa kichwa ndani ya kofia ya plastiki, unapulizwa mvuke wa sakarini. Akionja utamu, barakoa inavuja. Kipimo hiki kitawasaidia pia wanaume wenye ndevu, ambao kila siku wanavuta vumbi wakidhani wamejikinga.

Kwenye uchunguzi wa daktari kabla ya kuajiriwa, mkojo wa wanawake hupimwa mimba bila wao kuambiwa. Code du travail, yaani sheria ya kazi ya nchi, kifungu cha 62, inasema mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu. Kumpima ili asiingie kabisa ni kupita dirishani baada ya kuukuta mlango umefungwa. Tunaomba kipimo hicho kifutwe kwenye orodha ya daktari.

Likizo ya uzazi ni wiki 14, kwa theluthi mbili za malipo. Kampuni inazilipa, hilo tunakiri, lakini wiki hizohizo zinahesabiwa kama utoro kwenye prime (nyongeza ya mshahara) ya mahudhurio, na mama anapoteza prime ya robo mwaka nzima. Kisha kuna kunyonyesha. Sheria inatoa mapumziko mawili ya nusu saa kwa siku, yenye malipo. Basi linaondoka mjini alfajiri na kurudi usiku; mtoto yuko Ruashi, mama yuko kiwandani. Nusu saa hizo anazitumia kukaa kwenye benchi. Zipo njia tatu: nusu saa mbili ziunganishwe ili mama apande basi la zamu nyingine, au ahamishiwe biro za mjini kwa miezi sita bila kukatwa mshahara, au kiwekwe chumba chenye kufuli ya ndani, kiti, maji safi na friji. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne tu kwenye joto la nyuzi 25, lakini kwenye friji ya nyuzi 4 hufika siku nne. Friji bila kisanduku baridi cha kurudi nacho kwenye basi haina faida.

Na lile la matibabu: mwanamume anaandikisha mke na watoto kwa karatasi mbili, mwanamke anaambiwa alete barua kwamba mume wake hana kazi. Wote wawili wanakatwa kodi ileile.

5. Kazi moja, mishahara miwili

Kifungu cha 86 cha Code du travail kinasema kazi, ujuzi na uzalishaji vikiwa sawa, mshahara ni sawa, bila kuangalia asili, jinsia wala umri. Kwenye laini moja ya kiwanda wapo wawili wenye ufunguo mmoja wa spana: mmoja wa kampuni, mwingine wa sous-traitant, kampuni ndogo iliyopewa kazi kwa mkataba. Wa pili hana prime ya nyumba wala ya shule. Vibarua nao wanajua kuhesabu. Sheria inasema aliyefanya siku 22 katika miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya kudumu. Ndiyo maana wanasimamishwa siku ya 21, na siku ya kwanza ya mwezi wa tatu wanaitwa tena, kaske ileile, namba mpya.

Mtasema sous-traitant ni bosi wa watu wake. Lakini bei ya mkataba mnaipanga ninyi, na bei ikibanwa haikatwi kwenye faida yake, inakatwa kwenye posho ya kibarua. Wekeni ndani ya mkataba: vyeo vilevile, bultin ya mshahara kila mwezi, uthibitisho wa CNSS kabla ya fakitura (ankara) kulipwa, na haki ya kukagua.

Kuhusu ukaguzi wa mishahara ya ndani, msituletee wastani mmoja wa wanaume na mmoja wa wanawake. Wastani unadanganywa na wakubwa wachache. Tunataka jedwali: cheo, miaka ya kazi, jinsia, aina ya kontra, mshahara wa msingi safu yake, kila prime safu yake, na mshahara wa katikati kwa kila cheo. Tofauti kubwa hujificha kwenye prime, mara chache kwenye msingi. Kundi lenye watu chini ya watano liunganishwe na jingine, ili mshahara wa mtu usijulikane kantini.

Kuna wanaonong'ona kwamba hizi ni fikra za wageni. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, waligoma katika mji huu wakidai mshahara, wakapigwa risasi. Waulizeni wazee wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ile, kama waliletewa fikra hizo kwenye bango.

6. Wenye ulemavu

Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inawalinda. Karatasi ya daktari wetu ina maneno mawili tu, anafaa au hafai, kwa kampuni nzima. Mhasibu mwenye mguu mmoja anaandikiwa hafai kwa sababu hawezi kupanda ngazi ya kinu. Daktari apewe maelezo ya kazi husika, aandike: anafaa kwa kazi hii, kwa masharti haya. Mlango wa biro za mjini una kizingiti cha sentimita 15. Kwa mteremko wa 1 kwa 12, njia ya magurudumu inahitaji mita 1.8: mifuko michache ya simenti na siku mbili za fundi mwashi. Ving'ora viongezewe taa za kumweka, kwa asiyesikia, na pia kwa yeyote aliyevaa vizuia sauti.

7. Sanduku la malalamiko

Limetundikwa mbele ya mlango wa idara ya wafanyakazi, chini ya kamera, ufunguo kwa mkuu wa idara. Ni tupu, na ripoti inasema wafanyakazi wameridhika. Usumbufu wa kingono ni kosa la jinai tangu sheria ya 20 Julai 2006, lakini nani atautumbukiza chini ya kamera? Liwe na kufuli mbili, moja ya delegasyo, lihamishiwe karibu na vyoo, lifunguliwe kila Ijumaa na pande zote mbili, kila karatasi ipate namba, na jibu litoke ndani ya siku 15.

Mna sababu mbili zaidi ambazo tumezisikia vikaoni. Ya kwanza ni kwamba hata Marekani wameacha. Ni kweli kwamba Januari 2025 Rais Trump alisaini amri za kufuta mipango hii serikalini, na kufuta amri ya 1965 iliyowahusu wakandarasi wa serikali. Hakufuta Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na hana kalamu juu ya Code du travail ya Kongo. Vifungu tulivyovitaja vingekuwepo hata kama neno utofauti lisingebuniwa.

Ya pili ni kwamba mafunzo yamefanyika. Hatuombi mafunzo mengine. Dobbin na Kalev, ambao wamefuatilia mamia ya kampuni za Marekani, waliandika mwaka 2016 kwamba mafunzo ya lazima mara nyingi hayabadilishi kitu, wakati mwingine yanawaudhi watu. Kinachosogeza mambo ni mkubwa mmoja kuwajibika kwa tarakimu, na vijana kupewa mlezi wa kuwafundisha kazi. Pesa za fulana zingenunua barakoa.

Tunaomba, Bwana Mkurugenzi Mkuu: ndani ya siku 30, fomu ikatwe vipande viwili, kipimo cha mimba kifutwe, sanduku lihame, na wiki za uzazi zitoke kwenye hesabu ya utoro. Ndani ya siku 60, stoo ipokee botine kuanzia namba 35, suti za vipande viwili, mikanda na barakoa za saizi tatu, na mtihani wa kufunga mashine uanze kwa Kiswahili. Ndani ya siku 90, jedwali la mishahara likabidhiwe delegasyo, na kila sous-traitant awe na kifungu kipya kwenye mkataba wake. Kila jambo liwe na jina la mkubwa mmoja. Jina la idara halitoshi, idara haiitwi kikaoni.

Tunaomba pia kikao kabla ya mwisho wa mwezi huu, kwenye biro za mjini, siku ambayo watu wa zamu ya usiku wanaweza kufika. Kiendeshwe kwa Kiswahili na Kifaransa, na procès-verbal (muhtasari wa kikao) isainiwe hapohapo kabla hatujaondoka mezani. Tutakuja na nakala tatu za barua zile zenye muhuri, na botine moja ya namba 40.

Kwa heshima,

Madelege wa wafanyakazi, maajenti wa usalama, makarani na watu wa stoo
Lubumbashi